Theluji ilifika magotini, mbona bosi bado analia ukame?

SWALI: "Shikamoo kaka. Mimi ni Mkongo wa Fizi, nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kasulu, na sasa tuna miaka mitatu Saskatchewan, Kanada. Tangu Oktoba nafanya kazi kwenye shamba la nafaka na ng'ombe, mwendo wa nusu saa kutoka Swift Current. Kuna mambo yananichanganya. Theluji mwaka huu ilinifika magotini, lakini mzee mwenye shamba kila asubuhi analalamika ukame. Sasa ni mwezi wa nne, theluji imekwisha, jua linawaka, na bado hapandi. Anasema mpaka mwezi wa tano. Tena anasema anachokiogopa zaidi ni baridi ya mwezi wa nane, wakati huo ni mwezi wa joto! Mwisho, ametupa kipande cha ardhi nyuma ya nyumba. Mama anataka kupanda mahindi ya kwetu na maharage. Tupande lini?"

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na poleni na baridi. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu imenirudisha nyumbani. Mimi nimezaliwa Hanang, chini ya mlima, jirani na mashamba makubwa ya ngano ya Basotu. Mashamba yale yalisimama kwa msaada wa Kanada. Katika miaka ya 1970 na 1980 wataalamu kutoka nyanda hizi unazolima wewe walikuja na matrekta, kombaini na namna yao ya kulima, wakaviweka kwenye nyanda ambazo Wabarbaig walikuwa wakichungia ng'ombe. Nilikua nikidhani ngano ni zao la mashine kubwa na mvua, basi. Nilipokuja huku kusomea udongo ndipo nilipoelewa kwamba mkulima wa nyanda hizi anaishi kwa hesabu mbili: hesabu ya maji na hesabu ya siku. Mzee wako anazifanya zote mbili kila asubuhi anapotazama dirishani. Ukizijua, maswali yako yote yanajibika, hata lile la mahindi ya mama.

Kwanza tuyaweke sawa majina ya majira, maana yanapotosha sana. Shuleni tulifundishwa kwamba majira ya Ulaya na Amerika ni masika, kiangazi, vuli na kipupwe. Kwa mkulima, tafsiri hiyo ni mtego. Masika kwetu ni mvua. Huku miezi hiyo inayoitwa masika ni ya upepo mkavu na matope ya theluji, na mvua ya maana bado. Kiangazi kwetu ni ukavu. Huku mvua nyingi kuliko zote za mwaka hunyesha kiangazi chao kinapoanza, mwezi wa Juni. Mimi nayagawa kama shamba linavyoyaona: wakati wa kuganda, wakati wa kuyeyuka, wakati wa kukua na wakati wa kuvuna. Wa kukua ndio mfupi, na hapo ndipo kilio chote kilipo.

Sasa theluji. Swift Current hupata maji ya milimita 350 hivi kwa mwaka mzima, mvua na theluji pamoja. Kasulu, ulikokulia, hupata karibu mara tatu ya hayo. Katika hizo 350, sehemu inayokuja kama theluji ni kati ya robo na theluthi. Kwa hiyo hata mwaka ambao theluji imejaa, bado unazungumzia maji kidogo. Theluji hudanganya macho kwa sababu ni hewa tupu: theluji laini iliyoanguka leo, sentimita 10 zake ukiziyeyusha zinakupa sentimita moja tu ya maji. Upepo ukiigandamiza huwa nzito, na maji yake huongezeka mara mbili au tatu kwa kimo kilekile, lakini upepo huohuo ndio umeikusanya pale uliposimama wewe, pembeni ya ua au kwenye mtaro, ukaiacha katikati ya shamba ikiwa kiganja kimoja. Magoti yako yalipima lundo. Mzee anapima shamba zima.

Halafu si theluji yote inayosubiri kuyeyuka. Kusini magharibi mwa Saskatchewan, na zaidi Alberta, kuna upepo unaoshuka kutoka Milima ya Rocky uitwao chinuku. Ukishuka hupata joto na ukavu, na unaweza kubadilisha hali ya hewa kwa namna ambayo mtu wa kwetu haamini mpaka aione: huko Pincher Creek, Alberta, Januari 1962, joto lilipanda kutoka nyuzi 19 chini ya sifuri hadi 22 juu ya sifuri katika saa moja. Watu hufurahi, watoto hutoka nje bila makoti, ng'ombe hulala juani. Lakini upepo huo huinywa theluji ikiwa bado kavu. Inatoka shambani moja kwa moja kwenda hewani bila kuwa tone la maji. Mkulima anayetazama theluji yake ikiondoka hivyo mwezi wa Februari hana furaha hata kidogo.

Iliyobaki inapoyeyuka mwezi wa Machi au Aprili, inakuta mlango umefungwa. Ardhi ya huku huganda kwenda chini zaidi ya mita moja. Jua huyeyusha theluji ya juu wakati udongo wa chini bado ni jiwe. Kama udongo uliingia kwenye baridi ukiwa umelowa, vitundu vyake vyote vimejaa barafu; maji yakija juu yake ni kama umeyamwaga kwenye sakafu ya saruji. Yanateremka, yanajaza mabwawa madogo unayoyaona katikati ya mashamba, yale mashimo yaliyoachwa na barafu kuu ya zamani zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Bata wanafaidi, ngano haifaidi. Kama udongo uliganda ukiwa mkavu na una nyufa, hasa udongo wa mfinyanzi, maji hupata pa kuingilia. Hiyo ni nafuu, lakini udongo mkavu kiasi hicho una deni kubwa, na theluji ya mwaka mmoja hailipi.

Ndiyo maana nakwambia usiipime theluji, pima udongo. Mzee wako anajua kwamba vuli iliyopita, kabla ardhi haijaganda, mvua haikunyesha vya kutosha. Ngano inahitaji takriban milimita 100 za maji kujenga mwili wake tu, mizizi na majani na bua, kabla haijatoa punje hata moja. Maji yanayozidi hapo ndiyo yanayogeuka kuwa punje. Kama akiba hiyo haimo ardhini Mei anapopanda, basi kila punje atakayovuna lazima iletwe na mawingu ya Juni na Julai ambayo bado hayajulikani yaliko. Yeye analalamikia akiba.

Na hapa utaelewa kitu kingine ambacho pengine umekiona na kukiona kama uvivu: mabua yaliyoachwa yamesimama shambani baada ya mavuno, hayakuchomwa wala kulimwa. Kwetu shamba safi ni sifa ya mkulima. Hapa shamba safi ni hatari. Mabua yaliyokatwa juu, urefu wa sentimita 30 au zaidi, huikamata theluji isipeperushwe, na theluji hiyo huyeyukia palepale. Baadaye huuvunja upepo na kuufunika udongo jua lisiukaushe. Mbegu hupandwa katikati ya mabua hayo, kwa mashine inayochana mstari mwembamba na kuacha kila kitu kingine kilivyo.

Somo hilo lilipatikana kwa maumivu. Kati ya 1857 na 1860 John Palliser alipita nyanda hizi akitumwa kutoka Uingereza, akaandika kwamba sehemu ya kusini, pamoja na hapo ulipo, ni kavu mno kwa kilimo. Baadaye ikaja miaka ya mvua, mtaalamu mwingine, John Macoun, akaiona imejaa nyasi na kuisifia, na walowezi wakamiminika. Wote wawili waliona kweli; kila mmoja aliona miaka yake. Walowezi wakajifunza kupumzisha shamba mwaka mmoja bila zao ili likusanye maji, wakilima mara kwa mara kuua magugu, udongo ukibaki mtupu na laini kama unga. Katika miaka mizuri ilisaidia. Ukame wa miaka ya 1930 ulipokuja, unga huo ulipeperuka. Anga lilikuwa jeusi mchana, vumbi likazika nyua za ng'ombe, na familia nyingi zikaacha mashamba zikaelekea kaskazini. Tarehe 5 Julai 1937, Midale na Yellow Grass hapo Saskatchewan walipima nyuzi 45 za Selsiasi, rekodi ya Kanada nzima iliyodumu hadi 2021. Mwaka 1935 serikali ya Kanada iliunda shirika maalumu la kuokoa mashamba ya nyanda hizi, na mistari mingi ya miti unayoiona imezunguka nyumba za wakulima ilipandwa kuvunja upepo ule. Mzee wako huenda alizaliwa baada ya hapo, lakini amelelewa na watu waliokula vumbi lile. Anapoliogopa jua la Aprili, anaogopa kwa kumbukumbu ya nyumba nzima.

Sipendi kuacha hili bila kulisema: nilipokuwa mtoto niliona makorongo yaliyochimbwa na maji kwenye mashamba ya Basotu, ambako nyasi zilikuwa zimeondolewa na udongo kuachwa wazi. Upepo huku, mvua kule, kosa lilelile. Ukija kuwa na shamba lako, huku au nyumbani, usiuache udongo uchi.

Mvua ya Juni inatoka wapi? Milima ya Rocky huzuia unyevu wa Bahari ya Pasifiki, na hiyo ndiyo sababu kuu ya ukavu wa nyanda hizi. Lakini mwanzo wa joto, mikondo ya hewa huanza kuvuta unyevu kutoka kusini, mbali hadi Ghuba ya Meksiko, na ardhi iliyopata joto hurusha mawingu ya radi alasiri. Juni ikikosa mvua, Julai huwa haina uwezo wa kurekebisha. Mwaka 2021 watu walijionea: udongo uliingia kwenye msimu ukiwa mkavu, kisha mwisho wa Juni likatanda joto ambalo halijawahi kuonekana, na mavuno ya ngano ya Kanada yakashuka kwa zaidi ya theluthi moja kulinganisha na mwaka uliotangulia. Kanola, zao la mbegu za mafuta lenye maua ya njano, iliumia vibaya, kwa sababu ua lake halivumilii joto. Mchana ukianza kukaribia nyuzi 30 na usiku usipoe, maua hudondoka bila kushika mbegu. Utaliona shamba la njano linang'aa, na mwenyewe amenuna.

Nimeeleza maji kirefu kwa sababu ndiyo mzizi. Sasa siku.

Nyumbani mkulima husubiri mvua. Joto lipo mwaka mzima. Huku husubiri udongo. Mwezi wa Aprili hewa ya mchana inaweza kukudanganya ukavua koti, lakini ingiza kidole ardhini asubuhi. Ngano huanza kuota udongo ukifika nyuzi 4 au 5, lakini kwa baridi hiyo hukaa ardhini wiki mbili na zaidi ikishambuliwa na kuvu. Chini yake kuna tabaka ambalo halijayeyuka, kwa hiyo juu ni tope. Trekta zito likipita hapo linaukandamiza udongo ukawa tofali kwa msimu mzima. Kule Manitoba hali ni ngumu zaidi, maana Mto Red unatiririka kwenda kaskazini: kusini huyeyuka kwanza na maji hukuta njia bado imeganda. Ndivyo yalivyotokea mafuriko makubwa ya 1950 na 1997. Wewe uko palipo pakavu, huna shida hiyo, lakini kanuni ya kusubiri ni ileile.

Zaidi ya hayo kuna jalidi. Wakulima wa chai wa Kericho na Limuru wanaijua: umande unaoganda juu ya majani alfajiri, jua likitoka majani yanakuwa meusi kama yameunguzwa na moto. Karibu na Swift Current jalidi huweza kuja hadi wiki ya tatu ya Mei, na miaka mingine mwanzoni mwa Juni. Angalia mzee atapanda nini kwanza. Ngano hupanda mapema kuliko kanola, na si kwa mazoea tu. Mche wa ngano huficha kitovu chake cha kukulia chini ya udongo kwa wiki kadhaa. Jalidi ikiunguza majani, mengine yanachipua. Kanola hutoka ardhini na kitovu chake hewani, katikati ya yale majani mawili ya kwanza. Kikiganda, mche umekufa, unapanda upya kwa gharama upya. Kunde za huku, njegere na adesi zile ambazo Wakenya huziita kamande, huacha vijicho chini ya udongo na zinaweza kuchipua tena, ndiyo maana nazo hupandwa mapema.

Basi piga hesabu. Kutoka jalidi ya mwisho hadi jalidi ya kwanza kuna siku 110 hivi. Ngano inahitaji karibu 100. Mkulima ana siku 10 za kuchezea, na katika siku hizo 10 imo mvua inayozuia kupanda, mashine iliyoharibika, wiki ya baridi inayochelewesha miche. Kinachomwokoa ni mchana mrefu. Juni jua hukaa angani zaidi ya saa 16, linazama baada ya saa tatu usiku, na mmea unakula mwanga kwa kasi ambayo zao la ikweta, lenye saa 12 zake za mwaka mzima, haliijui. Utaona mwenyewe: shamba lililokuwa vumbi mwishoni mwa Mei litakufika kiunoni katikati ya Julai.

Ndiyo sababu anaogopa Agosti. Mchana wa Agosti ni joto, kweli. Hatari ni usiku wenye anga safi na upepo uliotulia. Joto lote la ardhi hupaa angani, na hewa baridi huteremka mabondeni kama maji. Agosti 2004 jalidi ilipiga Saskatchewan tarehe 20, mazao mengi yakiwa bado mabichi. Punje ya ngano ikiwa bado na maziwa ndani, usiku mmoja wa nyuzi mbili au tatu chini ya sifuri unaisinyaza, na bei inaanguka. Mbegu ya kanola ikigandishwa kabla haijakomaa, ule ukijani hunaswa ndani hautoki tena, na mafuta yake hushushwa daraja. Ngano iliyokwisha kukauka haijali kitu. Kwa hiyo wiki moja ya kuchelewa mwezi wa Mei, hulipwa Agosti.

Wazee wa nyanda hizi wanaikumbuka ngano iitwayo Marquis kwa sababu hiyohiyo. Walowezi wa mwanzo walitegemea Red Fife, ngano nzuri kwa mkate lakini ya polepole, ikikutwa na jalidi mwaka baada ya mwaka. Charles Saunders, mtafiti wa serikali huko Ottawa, aliichagua Marquis kutoka uzao wa Red Fife na ngano ya India iliyoitwa Hard Red Calcutta, na mbegu hiyo ikawafikia wakulima karibu na 1909. Ilikomaa mapema kwa wiki moja hivi. Wiki moja tu, na maeneo makubwa ambayo hayakuweza kuvuna ngano yakaanza kuvuna. Mimi kila nikisoma habari hiyo namfikiria yule mkulima wa India, ambaye jina lake hatulijui, aliyechagua mbegu ya haraka kwa kukimbia joto la kwao, na huku ikaja kuwakimbiza watu na baridi.

Mengine utayaona yakija, nitayapitia haraka. Mvua ya mawe ya Julai na Agosti huangamiza shamba moja na kumwacha jirani salama. Dawa yake ni bima tu. Mwaka wa mvua nyingi nao una magonjwa yake, kwa sababu ngano ikichanua wakati hewa ina unyevu, kuvu hushambulia masuke. Kutu ya bua, ugonjwa mwingine wa kuvu, husafiri na upepo kutoka kusini, na hapo kuna undugu na kwetu: aina kali ya kutu iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, iitwayo Ug99, iliwatia hofu wataalamu wa dunia nzima, na hadi leo mbegu za ngano za Kanada hupelekwa Njoro, Kenya, kupimwa kama zinaihimili. Wakati wa kuvuna, utasikia wakitaja 14.5 kila saa. Hicho ni kiwango cha juu cha unyevu, kwa asilimia, ambacho ngano inaweza kuingizwa ghalani kama kavu. Ndiyo maana watavuna hadi usiku wa manane, na watasimama umande ukianguka. Mwaka 2019 mvua na theluji vilikuja mapema, na wengine walivuna sehemu ya mazao yao mwezi wa nne wa 2020, yakiwa yamelala chini ya theluji miezi mitano.

Kuhusu ng'ombe nataka uwe makini zaidi kuliko yote niliyosema, kwa sababu wewe ndiye utakayekuwa nao kila siku. Ng'ombe wa huku akiwa na tumbo lililoshiba nyasi kavu, mgongo mkavu na pa kujikinga na upepo, anavumilia baridi ambayo wewe na mimi hatuivumilii. Anaweza hata kula theluji safi badala ya maji. Kinachomuua ni upepo ukiungana na unyevu, hasa ndama aliyezaliwa usiku wa tufani ya theluji akiwa bado hajalambwa akakauka. Katika baridi kali ongeza chakula kabla haijafika, kwa sababu kumeng'enya nyasi ndiko kunakompa joto. Na jiangalie nawe: upepo ukiifanya baridi iumize kama nyuzi 40 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda katika dakika kama 10.

Joto likija, hatari huhamia kwenye maji. Yale mabwawa madogo yakikauka, chumvi zilizokuwa zimeenea kwenye maji mengi hubaki kwenye maji machache. Mwaka 2017, kusini mwa Saskatchewan, ng'ombe karibu 200 walikufa malishoni kwa siku chache baada ya bwawa lao kugeuka hivyo wakati wa ukame. Chumvi yenyewe huwezi kuiona kwa macho, ila dalili zipo. Ukiona bwawa limepungua, kingo zimekuwa nyeupe, au maji yamepakwa ukungu wa kijani kibichi kama rangi, usingoje kuulizwa. Mwambie mzee siku hiyohiyo, maji yapimwe. Usione haya kwamba wewe ni mgeni. Wewe ndiye unayepita pale kila siku, na jicho lako ndilo litakalowaokoa.

Sasa mahindi ya mama. Namheshimu sana, na ningependa nimpe jibu zuri, lakini mahindi ya Fizi au ya Kigoma hayatamaliza hapo. Yanahitaji siku nyingi kuliko tulizo nazo, na kuna sababu ya pili ambayo watu wengi hawaijui: mahindi ya ukanda wetu husoma urefu wa usiku ili yajue wakati wa kuchanua. Yakiona mchana wa saa 16, hudhani msimu bado mchanga. Yataendelea kurefuka, yatampita baba kimo, majani ya kupendeza, na jalidi ya Septemba itayakuta hayajatoa hata nywele. Nimewaona watu wetu wakipiga picha mahindi marefu namna hiyo wakiwa na furaha mwezi wa nane, na mwezi wa tisa wakilia. Mnunulieni mama mbegu ya mahindi ya muda mfupi inayouzwa hukohuko Saskatchewan, iandikwe siku 65 hadi 75. Ni matamu kuliko anayoyajua, atayakula ya kuchoma. Kwa ugali mtaendelea kununua unga.

Maharage mafupi, yasiyotambaa, yapandwe wiki ya mwisho ya Mei, udongo ukiwa umefika nyuzi 12 hivi. Kabla ya hapo yataoza. Lengalenga itawashangaza: inapenda joto na mchana mrefu, ukiisia mwanzoni mwa Juni utachuma baada ya mwezi mmoja hivi na utaendelea kuchuma hadi jalidi. Maboga pia, mle na majani yake, lakini miche ianzishwe ndani ya nyumba, dirishani, mwishoni mwa Aprili. Sombe, yaani kisamvu, msijaribu nje. Mwelekeo wa kipande chenu nao uangalieni: kama kiko bondeni, jalidi itakishukia wiki moja kabla ya mteremko, basi muombe mzee awape pa juu kidogo, upande wa kusini wa ile mistari ya miti, ambako theluji hurundikana na kuyeyukia hapohapo.

Na kabla hamjapanda, muazime mzee ile fimbo ya chuma yenye kidonge nchani. Wakulima wengi wa hapo wanayo. Ishindilie ardhini kwa uzito wa mwili wako bila kuizungusha. Kwenye udongo wenye unyevu itazama taratibu, na ikifika kwenye udongo mkavu itagoma. Weka alama ilipogomea, uipime kwa rula. Fanya hivyo pale bustanini kwa mama, kisha katikati ya shamba la ngano, kisha kwenye lile lundo la theluji lililokufika magotini, halafu mpelekee mzee namba zote tatu.